Kipindi cha Ijumaa: Muziki katika Shule za Uganda Tangu Misheni hadi Leo

Kabla ya kuja chuo kikuu kusoma Kiswahili na historia, nilisomea ualimu wa shule za msingi. Shule niliyopelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha ilikuwa na kipindi kimoja cha muziki kwa juma, Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Kilikuwa kimeandikwa kwenye ratiba kwa wino, kama vipindi vingine vyote, na mkaguzi yeyote angekiona. Lakini katika majuma tisa niliyokaa pale kilifundishwa mara mbili tu. Mara nyingine kilichukuliwa na hisabati, mara nyingine na mtihani wa majaribio, na mara tatu nilikichukua mimi mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nyuma katika somo la maarifa ya jamii na nilitaka kumaliza habari za kugawanywa kwa Afrika kabla msimamizi wangu hajaja kunikagua. Mwalimu wa muziki alikuwa mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Hakubisha. Alisema tu, "Chukua, mwanangu. Hilo somo halina mtihani."

Maneno hayo nimeishi nayo tangu wakati ule. Nchi yetu haina upungufu wa muziki, na hakuna arusi, mazishi wala mavuno yanayopita bila ngoma. Hata lugha zetu zinakubaliana juu ya jambo hilo, kwani neno ngoma ni karibu lile lile kwa Waganda, Wasoga, Wanyoro na Waswahili wa pwani. Basi imekuwaje somo la muziki liwe ombaomba ndani ya shule zetu? Nimejaribu kulitafuta jibu katika historia, na katika insha hii nitaeleza nilichokiona.

Zamani, kabla ya shule za madarasa, muziki ulikuwa na mahali pake pa kufundishwa. Mahali palipojulikana zaidi palikuwa ikulu ya Kabaka huko Mengo. Pale palikuwa na vikundi vya wapigaji, kila kikundi na chombo chake, na kazi hiyo ilifungamana na ukoo na kijiji. Mtoto alijifunza kwa baba au kwa mjomba, kwanza kwa kukaa na kusikiliza, kisha kwa kushikishwa vijiti. Chombo cha heshima kubwa kuliko vyote kilikuwa entenga, yaani ngoma 15 zilizopangwa kwa sauti, zikipigwa na watu sita. Wanne walipiga zile ngoma 12 za kutoa wimbo, na wawili walipiga tatu kubwa. Entenga ilikuwa mali ya Kabaka, na haikusikika kila mahali.

Amadinda, kwa upande mwingine, ni chombo ambacho hata shule maskini ingeweza kuwa nacho. Ni vibao 12 vya mti vilivyochongwa kwa vipimo tofauti, vikalazwa juu ya magogo mawili ya mgomba. Wapigaji ni watatu. Wa kwanza anapiga mfululizo wake, wa pili anakaa mkabala naye na kuingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, kama vidole vya mikono miwili vinavyopishana. Wa tatu ana vibao viwili tu vya mwisho, vile vyenye sauti nyembamba, na kazi yake ni kuokota sauti fulani kutoka katika ule mseto na kuzirudia juu. Ajabu yake ni kwamba wimbo unaousikia haupigwi na mtu yeyote kati yao. Ukimsikiliza mmoja peke yake hupati kitu. Wimbo unazaliwa kati yao. Mtu akiniuliza muziki unamfundisha nini mtoto wa miaka kumi, huwa nampeleka kwenye amadinda kwanza, maana pale mtoto anajifunza kuhesabu, kusubiri na kumsikiliza mwenzake, yote kwa wakati mmoja, bila kuambiwa kwamba anajifunza.

Wamisionari Waprotestanti walifika Buganda mwaka 1877, na Wakatoliki mwaka 1879. Shule zikaja pamoja nao, na pamoja na shule zikaja nyimbo za kanisa, kwaya za sauti nne, na njia ya kusoma muziki kwa do, re, mi. Sitaki kuwasema vibaya kupita kiasi. Watoto wa nchi hii walipenda kwaya, na wanaipenda hadi leo. Lakini ala za kienyeji zilishukiwa kuwa zinahusiana na mizimu na pombe, kwa hiyo nyingi zilibaki nje ya mlango. Huko Namirembe ngoma ilitumika kuwaita watu waje ibadani, lakini kuita ni jambo moja na kuingia ndani ni jambo lingine.

Kulikuwa na tatizo lingine, ambalo sisi wanafunzi wa lugha tunalielewa vizuri. Luganda ni lugha ya toni. Neno linapanda na kushuka, na likipandishwa mahali pa kushuka linaweza kugeuka neno lingine au kupoteza maana kabisa. Kiswahili hakina jambo hilo, nasi tunaotoka katika lugha za toni tunapojifunza Kiswahili tunapumua. Sasa chukua tuni iliyotungwa Uingereza kwa maneno ya Kiingereza, ubandike maneno ya Luganda juu yake. Tuni inapanda mahali ambapo neno linashuka. Waumini waliimba hivyo kwa miaka mingi, wakijua maana kwa kuwa wameisoma kitabuni, si kwa kuwa wameisikia. Na mtoto wa shule alifundishwa, bila mtu kulitamka neno hilo, kwamba muziki wa darasani ni ule wa wageni, na ule wa nyumbani si elimu.

Mtu mmoja aliyekataa jambo hilo ni Joseph Kyagambiddwa, Mkatoliki. Mwaka 1955 alitoa kitabu juu ya muziki wa Buganda, akiueleza kama elimu yenye kanuni zake. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu huko Roma, tarehe 18 Oktoba 1964, ilikuwepo oratorio aliyoitunga Kyagambiddwa kwa ajili yao, yenye sauti za Kiganda na maneno yanayofuata toni za Luganda. Mwaka mmoja kabla yake Mtaguso wa Vatikano ulikuwa umekubali kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima katika ibada. Inanishangaza kwamba mlango uliokuwa mgumu kufunguka katika shule zetu ulifunguka Roma.

Katika miaka hiyo hiyo jambo lingine lilitokea Kampala, bila kelele. Klaus Wachsmann, Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi aliyekuja Uganda mwaka 1937, akawa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda mwaka 1948. Alizunguka nchi nzima na mashine ya kunasia sauti, akarekodi wapigaji wa makabila mengi, na nakala za kazi yake sasa zimerejeshwa na kuwekwa Makerere. Lakini kwangu kazi yake kubwa zaidi ni kwamba makumbusho yake hayakuwa ya vitu vya kutazamwa tu. Ala zilipigwa, na waliozipiga ni watu waliozijua. Mmoja wao alikuwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu ya Kabaka. Muyinda alikuwa mwalimu. Aliwafundisha Waganda na wasio Waganda, watoto na wageni. Mwaustria Gerhard Kubik, aliyekuja hapa kijana mwishoni mwa mwaka 1959, alikaa chini ya Muyinda kujifunza amadinda, na baadaye akaandika mengi yaliyoufanya muziki huo usomwe katika vyuo vikuu vya Ulaya.

Najua wapo waliosema, na labda bado wapo wanaosema, kwamba Muyinda alitoa nje siri za ikulu. Alichanganya ala ambazo zamani hazikupigwa pamoja, akapiga mbele ya watalii, akamfundisha kila aliyetaka. Mimi nawaomba wanaosema hivyo wautazame mwaka 1966.

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali, likiongozwa na Idi Amin kwa amri ya Milton Obote, liliishambulia ikulu ya Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alitoroka, akafa London mwaka 1969. Habari za siasa za siku hiyo zimeandikwa sana na sitazirudia. Kinachosahaulika ni kwamba ikulu ile ilikuwa pia shule ya muziki, pengine shule kongwe kuliko zote katika nchi hii. Ngoma zilichomwa. Wapigaji walitawanyika, wengine wakarudi vijijini kulima, wengine wakaogopa hata kutaja kwamba walikuwa watu wa ikulu. Mwaka uliofuata falme zikafutwa na sheria, na hazikurudi hadi mwaka 1993. Hiyo ni miaka 26. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku ya shambulio alikuwa na miaka 47 ufalme uliporudi, na muda wote huo hapakuwa na mtu wa kumpigia wala wa kumfundishia.

Ukizilinganisha ala mbili nilizozitaja, utaona jambo ambalo ndilo kiini cha insha hii. Entenga, iliyokuwa ndani ya ikulu peke yake, ilikaribia kupotea kabisa, ikabaki katika kumbukumbu za wazee wachache. Amadinda, ambayo Muyinda na wenzake walikuwa wameshaitoa nje wakaifundisha, ilipona. Ilikuwa makumbusho, ilikuwa katika kikundi cha taifa cha ngoma, ilikuwa katika vyuo vya ualimu. Mwingereza Peter Cooke alifundisha Kyambogo katika miaka hiyo ya 1960, na walimu waliopita pale waliondoka na vijiti mikononi. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha idara ya muziki, ngoma na maigizo mwaka 1971. Kwa hiyo si vitabu wala mashine za kunasa sauti vilivyoiokoa amadinda, ingawa vilisaidia. Iliokolewa kwa kuwa ilikuwa na wanafunzi wengi mahali pengi. Ukiichoma nyumba moja, ilikuwa tayari katika nyumba nyingine.

Kuna mwalimu mwingine wa muziki ambaye kila Mganda, Mwacholi na Msoga amewahi kuiimba kazi yake, ingawa wengi hawalijui jina lake. George Wilberforce Kakoma ndiye aliyetunga wimbo wetu wa taifa mwaka 1962. Ni mfupi sana, miongoni mwa nyimbo fupi za taifa duniani. Uzeeni alikwenda mahakamani kudai haki yake ya utunzi. Niliwahi kuwauliza wanafunzi wa darasa la saba wimbo wa taifa ulitungwa na nani. Mmoja alijibu, "Serikali." Sikucheka.

Miaka ya Amin naipita haraka, kwa kuwa shule zenyewe zilikuwa zinahangaika kupata chaki. Mabadiliko yaliyogusa kipindi cha Ijumaa yalikuja baadaye, tena kwa nia njema. Mwaka 1997 serikali ilianza mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Idadi ya watoto shuleni iliruka kutoka karibu milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Mimi ni mmoja wa waliofaidika na mpango huo, na mama yangu asingeweza kutulipia karo sisi sote. Lakini darasa likiwa na watoto mia, na mwalimu mmoja, na wazazi wakingoja matokeo, kila kitu kinapimwa kwa mtihani wa mwisho. Mtihani huo wa darasa la saba una masomo manne, yaani Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Muziki upo katika mtaala, na mtaala wenyewe si mbaya. Haupo katika mtihani. Kila mwalimu mkuu anajua atapimwa kwa kipi.

Kiswahili nacho kimepita njia hiyo hiyo. Kimekuwa lugha rasmi ya pili ya nchi tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kwa maandishi kipo. Sisi tunaokisoma tunajua tofauti ya kuwepo kwa maandishi na kuwepo darasani, na ndiyo sababu naona mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa muziki ni ndugu.

Watu hunijibu kwamba muziki haujafa shuleni, kwani kuna mashindano ya kila mwaka. Ni kweli, na mashindano hayo ni mazuri kuyatazama. Kuna kwaya, nyimbo za asili, ngoma, ala na maigizo. Lakini nimeyaona kwa ndani. Shule nyingi zinamlipa mtu wa nje aje awanoe watoto arobaini kwa majuma sita. Wanaochaguliwa ni wale wanaojua tayari. Wengine mia nane wanachungulia dirishani. Kombe likipatikana linawekwa ofisini kwa mwalimu mkuu, yule mtu wa nje anaondoka, na hadi mwaka ujao hakuna anayegusa ngoma. Hayo ni maonyesho. Hakuna mtu angekubali hisabati ifundishwe kwa watoto arobaini, majuma sita kwa mwaka, ili shule ipate kombe.

Mimi ni Msoga, na kwetu Busoga kuna muziki wa bigwala. Ni baragumu zilizotengenezwa kwa vibuyu, tano au zaidi, na kila moja inatoa sauti moja tu. Kila mpigaji anangoja zamu yake apulize sauti yake, na kwa pamoja wanaunda wimbo, huku wakicheza kwa kuzunguka. Ulikuwa muziki wa kutawazwa na kuzikwa kwa wafalme. Falme zilipofutwa ulikosa kazi. Mwaka 2012 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Wakati huo wazee waliokuwa wanajua vizuri kuzitengeneza, kuzipiga na kuzicheza walikuwa wamebaki wanne tu. Bibi yangu aliposikia habari hiyo redioni alisema, "Wanne? Zamani kijiji kimoja kilikuwa na zaidi ya hao." Yeye mwenyewe alikuwa anakumbuka hatua za kucheza, lakini hapakuwa na mtu wa kupuliza.

Kilichofuata kinanipa moyo. Wataalamu, wazee na vijana walikaa pamoja, na wakagundua kwamba tatizo la kwanza halikuwa muziki. Mimumunye yenyewe ilikuwa imeadimika, maana watu wanatumia madumu ya plastiki na hakuna anayepanda vibuyu. Kwa hiyo kazi ya kuokoa muziki ilianza kwa jembe. Walipanda mbegu, wakangoja vibuyu vikomae, wakavikausha, wakavikata, kisha wazee wakawafundisha vijana. Hakuna mtihani wowote uliotungwa. Ilihitajika mbegu, ardhi kidogo, na mtu wa kufundisha aliye hai.

Basi ninachokidai si kikubwa. Sisemi kila shule ipewe piano. Kila shule ya kijijini ina miti na migomba jirani, na karibu kila kata ina mzee anayejua kupiga kitu fulani, ambaye hajawahi kualikwa darasani kwa sababu hana cheti. Aalikwe, na alipwe, hata kama ni kidogo. Vyuo vya ualimu vimtake kila mwalimu wa shule ya msingi ajue kufundisha angalau ala moja, kwa vitendo, si kwa maelezo yaliyoandikwa ubaoni. Na kazi ya mtoto katika muziki iandikwe kwenye ripoti yake ya mwisho wa muhula kwa alama, pamoja na masomo mengine, ili mzazi aione. Sidhani kwamba tunahitaji kuutia muziki katika mtihani wa darasa la saba. Naogopa tukifanya hivyo watoto watakariri majina ya ala bila kuzigusa, kama tunavyokariri majina ya mito. Wenzangu wengi hawakubaliani nami hapo. Wanasema bila mtihani hakuna atakayejali, na nikikumbuka lile jibu la mzee sina neno la kuwajibu upesi.

Ijumaa yangu ya mwisho pale shuleni nilikirudisha kipindi. Nilimwambia mzee, "Shikamoo mwalimu. Leo ni kipindi chako, naomba nikae nijifunze." Alinitazama kidogo, kisha akanipeleka stoo. Nyuma ya madawati mabovu kulikuwa na amadinda ya shule. Vibao vilikuwa tisa. Kimoja tulikiona kimewekwa chini ya mguu wa meza ya stoo ili isiyumbe, nacho kilikuwa kimepasuka. Viwili havikuonekana kabisa, na mpishi alipoulizwa alitazama upande mwingine. Tulikata mgomba nyuma ya jikoni, tukapanga vile tisa chini ya mwembe, na mzee akaacha nafasi wazi mahali pa vitatu vilivyokosekana. Halafu akachagua watoto watatu, akamwimbia kila mmoja sauti moja, akamwambia, "Wewe ndiwe kibao hiki. Mkono ukifika hapa, imba."

Walikosea kwa muda mrefu. Msichana mmoja alikuwa anaimba kabla ya wakati, kila mara, na wenzake walikuwa wanamcheka. Kisha hapo kati, sijui ilikuwa saa ngapi, wimbo ulishika. Vijiti vilipishana, na palipokuwa na pengo sauti ya mtoto ilijaza. Mwalimu wa hisabati alitoka darasani akasimama mlangoni na chaki mkononi. Hakusema kitu.

Yule mzee alistaafu mwaka uliofuata. Juzi nilimpigia simu mwalimu mwenzangu aliyebaki pale nikamwuliza nani amechukua nafasi yake. Akaniambia hakuna. Nikauliza habari za kile kipindi. Akasema bado kipo kwenye ratiba, Ijumaa, baada ya chakula.